Konzi, Kiganja na Pingili ya Kidole

Jikoni Murukulazo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, mizani haina kazi. Mizani ni ya dukani na ya kununulia kahawa. Jikoni hupima konzi, kiganja, pingili ya kidole, kata ya maji na jicho lililozoea. Nimewasikia watu wakisema huko ni kubahatisha, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Mtazame mtu anayesonga ugali wa muhogo. Unga wa masika umebeba unyevu. Wa kiangazi umekauka, hunywa maji zaidi. Unga wa jirani nao si sawa na wako, kwa kuwa kila mmoja ameanika na kutwanga kwa namna yake. Msongaji anatia unga kidogo kidogo, anageuza, anatia tena konzi moja, huku mkono ukisikiliza mwiko. Mwiko ukianza kugoma, na ugali ukaachana na kuta za sufuria, anaacha. Konzi moja zaidi, ugali unakakamaa. Ikipungua, unanata vidoleni. Kitabu cha mapishi kingemwandikia vikombe vitatu, na siku ya mvua kingempotosha. Mkono haupotoki, maana unapima unga uliopo sufuriani leo.

Ndizi, chakula kikuu cha sehemu kubwa ya Kagera, zimezaliwa na vipimo vyake: mkungu una chane, chane ina vidole. Anayemenya huwahesabu walaji, si kilo. Mtu aliyetoka kulima na mtoto anayejifunza kutembea hawahesabiwi vidole sawa. Kwenye wali, maji hupita juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole. Kwenye maharage, chumvi ni ile inayobanwa na vidole vitatu, na hutiwa yakishalainika.

Pwani walikuwa na utaratibu uliokamilika zaidi: vibaba 2 ni kisaga, vibaba 4 ni pishi, kama kilo 2.7 za mchele. Waislamu wengi walitolea zaka ya fitri kwa vipimo hivyo. Bara likaenea debe, lile bati la mafuta ya taa la galoni 4, karibu lita 18. Mafuta yakiisha, bati likapimia mahindi, na madebe 6 yakawa gunia.

Sokoni, hata hivyo, niko upande wa mizani. Kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani humnyima mnunuzi konzi nzima bila yeye kujua, na gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, humnyonya mkulima aliyekwisha kuchoka. Wakala wa Vipimo wana haki ya kulipiga vita. Kipimo cha mkono ni cha jikoni, ambako anayepima na anayekula wanalala chini ya paa moja. Hapo hakuna wa kuibiwa.

Ngara iliona ugumu wa kazi hii ya kupima kwa mkono mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikajaa. Chakula cha msaada kiligawiwa kwa vichwa: nafaka kiasi hiki, maharage kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. Hapakuwa na njia nyingine ya kulisha umati ule. Lakini mgao ulikuwa wa siku kadhaa, na aliyeubeba hadi kwenye turubai lake alibaki na hesabu iliyo ngumu kuliko ya mgawaji: mtoto anaumwa na hataki kula, mzee meno hayapo, kuni za kuchemshia maharage ziko mbali. Mgao wa foleni ulikusudiwa kuwa sawa kwa wote. Konzi ngapi ziingie sufuriani leo, na ngapi zifungwe kwenye kitambaa kwa ajili ya kesho, ilibaki kazi ya mkono wa mpishi.