Mteja Huamulia Wapi? Biashara Ndogo za Kisumu na Matangazo ya Mitandao

Mfanyabiashara mdogo wa Kisumu, ambaye kila siku husikia kwa vijana kwamba biashara isiyotangazwa Facebook au TikTok imekwisha kufa, hana budi, kabla hajatoa hata shilingi moja, kujiuliza mteja wake huamulia wapi kununua: sokoni, bidhaa ikiwa mbele ya macho yake, au nyumbani na njiani, kabla hajafika.

Mchukue mama auzaye omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye. Bidhaa yake hufuata mwezi, kwani wavuvi huivuta omena kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mashua nyingi hupumzika. Tena kuna msimu, kuanzia Aprili hadi Julai, ambapo sheria huufunga uvuvi huo. Bei hugeuka kwa siku, na mnunuzi, kabla ya kupimiwa kwa kopo la gorogoro, aghalabu huishika omena na kuichungua asije akauziwa mchanga. Tangazo la kulipia litamletea mama huyu maswali ya watu wa mbali asioweza kuwahudumia, ilhali kinachomfaa ni nambari za wachuuzi wanunuao kwa gunia na ujumbe wa bei kila alfajiri. Wala njia hiyo si ngeni ziwani: Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyo na kituo chake Kisumu, ilikwisha kuwapelekea wavuvi na wachuuzi bei za samaki kwa ujumbe mfupi wa simu, nao ulijibu swali lile lile alilo nalo mvuvi anapofika ufukweni, kwamba auze wapi.

Mwenye hoteli ya samaki ana hali nyingine kabisa. Mwaka 2019, bandari ya Kisumu ilipokuwa ikikarabatiwa, vibanda vya Lwang'ni, ambako watu walizoea kula samaki kando ya maji, vilibomolewa kwa kuwa vilisimama juu ya ardhi ya reli. Walaji wengi walikuwa wakivijua vibanda vile kwa mahali pake. Na mahali palipoondoka, mwenye kibanda asiyekuwa na njia ya kuwaita wateja wake alipoteza zaidi ya mabati na meza. Kwa mtu kama huyo ukurasa wa mtandao, wenye picha ya ngege mzima aliyekaangwa, bei yake na ramani ya kufikia, ni rasilmali ya kweli, maadamu mgeni atokaye Nairobi huchagua pa kula angali njiani.

Hata hivyo, hesabu haina huruma. Tuseme tangazo ni shilingi 3,000. Ukiongeza kodi ya asilimia 16 inakuwa 3,480. Iwapo faida ya sahani moja ni shilingi 150, itamlazimu auze sahani 24 kwa watu ambao bila ya tangazo wasingalikuja, ndipo gharama irudi, na hapo hajauhesabu muda wa kuwajibu waulizao. Basi kila mlaji mpya aulizwe ameipataje hoteli, na jibu liandikwe daftarini siku ile ile.

Nasaha yangu kwa mwenye duka au kibanda ni hii: anza na WhatsApp na wateja ulio nao, ambao hawakukugharimu tangazo; na ukijaribu tangazo la kwanza, daftari lisipoonyesha sahani zile 24 kwa mwezi mzima, usilipie tangazo la pili.