Hodi Isiyongoja Jawabu: Karl Weule na Adabu ya Mgeni Masasi na Newala

Neno hodi ni dogo mno, lakini limebeba sheria nzima ya ujirani. Mwenye kulitamka husimama kando ya mlango, akainamisha macho na kungoja. Akijibiwa karibu, huingia. Akinyamaziwa hata mara ya tatu, hurejea alikotoka wala haoni kuwa amedhalilishwa. Msomaji wa mwambao anajua kwamba jambo hili limewekwa wazi katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28: nyumba ya mtu haiingiwi bila ya idhini, na anayeambiwa arudi hurudi. Kwa hiyo uzito wa hodi haumo katika utamu wa sauti ya mpigaji. Umo katika uhuru wa mwenye nyumba kusema hapana, na katika utayari wa mgeni kulipokea neno hilo kwa moyo mweupe.

Kitabu cha safari nacho ni aina ya ugeni. Mwandishi wake huingia nchi ya watu, hula chao, hulala kwao, kisha huenda akawasimulia kwa watu wengine walio mbali. Ni haki, basi, kukipima kwa adabu ile ile ya mlangoni. Miongoni mwa vitabu vinavyostahili kipimo hicho ni kile cha Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, ambaye mwaka 1906 alitoka Lindi akafika Masasi, akapanda uwanda wa juu wa Makonde, akakaa Newala na kisha Mahuta. Kitabu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata Alice Werner akakitia katika Kiingereza kwa jina la Native Life in East Africa. Mtu anayetaka kujua namna wanawake wa kusini walivyofinyanga vyungu, namna magome ya miti yalivyogeuzwa nguo, au namna moto ulivyopekechwa kwa vijiti mwanzoni mwa karne ya 20, hana budi kuzipitia kurasa hizo.

Haitakuwa insafu kuanza na lawama. Weule alikuwa na jicho kali na subira ya kuangalia kazi ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Sura zake zimeandikwa mithili ya barua, kila moja ikitoka mahali pake, na kwa hiyo msomaji husafiri naye hatua kwa hatua: vilima vya mawe vya Masasi vinavyosimama peke yake katika nchi tambarare, kisha ukingo wa Newala ambapo ardhi huanguka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji. Upepo wa jioni wa Newala, uliomsumbua sana, unavuma katika kurasa zake hata msomaji akatamani kujitanda. Hakujiona mkubwa kiasi cha kushindwa kujicheka, na hilo si dogo kwa msafiri wa zama zake.

Tena ameandika ngano ya asili ya Wamakonde, ambayo kwa wapenzi wa fasihi ni johari. Inasimulia juu ya mtu wa mwanzo aliyeishi porini peke yake, hakuoga wala hakunyoa. Akachonga mti kwa umbo la mtu, akausimamisha. Usiku ukawa mwanamke hai. Wakashuka pamoja mtoni Ruvuma kuoga, na mtoto aliyezaliwa akawa maiti. Wakapanda juu kidogo, na wa pili naye akafa. Walipofika juu kabisa, penye vichaka vikavu, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wakaagizwa kizazi chao kisikae mabondeni karibu na maji. Katika ngano hii mchongaji ni baba wa kabila, jambo linaloeleza mengi juu ya sanaa ambayo Wamakonde wameipeleka ulimwengu mzima. Na maji, ambayo mahali pengine ni uhai, hapa ni kitu cha kuhadhari nacho.

Mwenye kuisoma ngano hiyo vizuri ataifahamu pia adabu ya Newala. Uwanda wa Makonde una mchanga unaokunywa mvua isionekane tena. Chemchemi ziko chini, miguuni mwa mteremko, na kabla ya mradi wa kusukuma maji kwa mashine ulioanzishwa katika miaka ya 1950, kila mtungi ulipandishwa kichwani na mwanamke aliyetoka bondeni. Mtu wa Unguja au wa Lamu humpa mgeni maji kabla ya kumuuliza habari, naye mgeni huyapokea bila ya kufikiri. Juu ya uwanda ule, kata moja ya maji ilikuwa ni saa kadhaa za mgongo na shingo ya mtu. Mgeni aliyekunywa akabakisha, akamwaga kilichobaki kama afanyavyo kwao, alikuwa amemwaga kazi ya mama wa nyumba mbele ya macho yake. Kumbe adabu haibebwi kutoka kwao mtu ikiwa imekamilika. Sehemu yake nyingine hufundishwa na ardhi ya mwenyeji, na mgeni asiyeuliza hutia aibu kwa tendo ambalo kwao lingesifiwa.

Hapa ndipo kasoro ya kitabu inapoanza kuonekana. Weule aliyaona mambo mengi kuliko aliyokaribishwa kuyaona. Alihudhuria sherehe za unyago wa wasichana, akazipiga picha, na akanasa nyimbo kwa fonografu, mashine iliyokuwa ikichora sauti juu ya nta. Alinunua vinyago vya ngoma na mapambo ya mwilini, akayapeleka Leipzig. Alilipa fedha, na kwa hesabu ya dukani hakuiba. Lakini inafaa kuukumbuka mwaka wenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza Julai 1905. Misheni ya Masasi ilichomwa katika vita hivyo. Na Weule alipopita, nchi ilikuwa bado na majeraha ya kisasi cha Wajerumani. Mgeni huyu alisindikizwa na askari wa serikali ile ile. Mzee wa kijiji aliyeombwa ruhusa ya kuonyesha unyago alikuwa akiulizwa na mtu mwenye bunduki nyuma yake. Hodi ilipigwa, na karibu ikasemwa, ila hapana haikuwa na nafasi ya kutamkwa. Kitabu chenyewe kinaonyesha mara kadhaa watu wakisita mbele ya mashine zake, na mwandishi hukuchukulia kusita huko kuwa ni ujinga au woga wa mambo mapya. Hakupata kujiuliza kama kulikuwa ni jawabu.

Wapenzi wa ushairi wataona jambo jingine. Nyimbo za unyago ni mafumbo. Maneno yake huweza kusikiwa na mpita njia, lakini ufunguo wake hukabidhiwa mwari na kungwi, ndani, kwa wakati wake. Hiyo ni adabu ya lugha inayojulikana vyema mwambaoni, ambako mshairi huweza kuimba mbele ya umati beti zinazofahamiwa na mtu mmoja tu. Fonografu ilibeba sauti ikaacha ufunguo. Silinda za Weule zikaingia katika hazina ya sauti ya Berlin, ambayo mwaka 1999 iliorodheshwa na UNESCO kuwa kumbukumbu ya dunia. Hivyo dunia imehifadhi kwa heshima kubwa vitu ambavyo dunia haikuambiwa maana yake.

Kuna sadfa moja isiyofaa kupuuzwa. Alice Werner, aliyekitafsiri kitabu cha Weule, ndiye aliyekuja kuutoa Utendi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri yake, akishirikiana na William Hichens, mwaka 1934. Mkono mmoja, basi, ulivishika vitabu viwili vinavyohusu malezi ya msichana na siri za utu uzima. Tofauti ya adabu yake ni kubwa. Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamwita binti yake asogee karibu, anamtaka alete wino na karatasi, anamtaja Mungu, ndipo anapoanza kuusia. Msomaji mwingine yeyote anayeusikia wasia huo anajua kwamba anasikiliza mazungumzo ya mama na mwanawe, na kwamba amekaribishwa kukaa barazani tu. Dibaji ya utenzi ni hodi. Kitabu cha Weule kina utangulizi, ramani na picha, ila hodi ya namna hiyo hakina. Wanawake wa Newala wanazungumziwa kurasa nyingi na hakuna mahali wanapozungumza na msomaji kwa hiari yao.

Hata hivyo mwambao usijitie usafi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wenye simulizi za watu kama Sleman bin Mwenye Chande na Selim bin Abakari, Waswahili walioingia bara na hata kufika ng'ambo. Ni Kiswahili kizuri, chepesi, chenye jicho la kuona. Lakini neno mshenzi limo humo, na linatumika kwa mtu wa bara pasi na haya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli yake ya mwaka 1903 ndiyo hazina kubwa ya maamkizi na taratibu za ugeni wa pwani, naye hakunyamaza juu ya mambo ya unyago. Kwa karne nyingi mtu wa pwani ameichukua adabu kuwa mali yake, na bara kuwa mahali pa kuipeleka. Masasi inakanusha dhana hiyo. Mji ule wa misheni ulianzishwa mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru waliotoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere, wengi wao wakiwa wenye asili ya nchi za Ziwa Nyasa, wakirejea upande wa kwao. Watu hao walitekwa bara, wakauzwa pwani, na ustaarabu wa pwani ukawatazama bila ya kuwapigia hodi. Anayetaka kuzungumzia adabu baina ya kisiwa na uwanda wa Makonde hana budi kuanzia hapo.

Wapo watakaosema kwamba lawama hizi ni anasa ya watu waliochelewa. Lau Weule angerudi kila alipositiwa, leo mjukuu wa mfinyanzi wa Newala asingepata picha ya mikono ya bibi yake, wala mtafiti asingesikia sauti ya mwaka 1906. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Vyungu, nyumba, michezo ya watoto na ngano ya mchongaji vilionyeshwa mchana, mbele ya kila mtu, na kuvihifadhi kulikuwa ni wema. Lakini hoja hiyo haitoshi kuhalalisha yaliyomo ndani ya uzio wa unyago. Kitu hakiwi cha watu wote kwa kuwa tu kimehifadhiwa. Mwenye kuokoa sanduku la jirani katika moto husifiwa. Akilifungua na kuyaonyesha yaliyomo sokoni, sifa yake huisha hapo.

Mjadala huu si wa makumbusho peke yake. Kila abiria anayepanda basi la kwenda Masasi leo ana mfukoni mwake kamera na kinasa sauti vyenye nguvu kushinda vyote alivyobebewa Weule na wapagazi. Ngoma ya mapiko ikichezwa, mwari akitolewa nje, jeneza likishushwa, simu huinuliwa, na kabla ya vumbi kutulia picha imekwisha kusambaa kwa WhatsApp hadi Muscat na London. Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Ridhaa ya mtu juu ya habari zake imekuwa suala la kisheria. Lakini sheria hufika baada ya kosa, na mfiwa hana nafasi ya kwenda kushtaki akiwa matangani. Kinachoweza kutangulia ni adabu: kuishusha simu, kutoa salamu, kuuliza, na kungoja. Ajabu ni kwamba kijana ambaye hawezi kuingia uani kwa shangazi yake bila hodi huingia uani kwa watu asiowajua kwa kidole kimoja, na haoni kuwa amevuka kizingiti.

Kitabu cha Weule kingali na haki ya kusomwa, na ingefaa kipatikane kwa Kiswahili fasaha, kwani wenyewe waliosimuliwa hawakuandikiwa. Lakini kazi ya kwanza ni nyingine. Sauti zilizonaswa mwaka 1906 zingesikilizwa kwanza Newala na Masasi, na makungwi walio na ufunguo wa mafumbo yale, kabla ya kuchezwa kwenye tamasha au redio yoyote. Huenda wakacheka, wakasahihisha, wakaeleza zaidi ya alivyoeleza mtaalamu yeyote. Huenda pia wakasikiliza wimbo mmoja, wakatazamana, na kuomba uzimwe. Siku hiyo hazina ya Berlin na wasomi wa visiwani watapata fursa ambayo Weule hakuitumia: kuambiwa hapana na mwenye nyumba, na kurudi.