Heko kwa Msaidizi wa Jikoni

Mgeni wa hoteli Mombasa akishiba biriani humsifu mpishi mkuu. Ni nadra kumkumbuka kijana aliyemenya gunia zima la vitunguu tangu alfajiri. Huyo ndiye mhimili wa jiko. Hufika kabla ya zamu, hunoa kisu, hutenga ubao wa nyama mbichi na wa mboga. Bidhaa mpya huzipanga nyuma ya za zamani, na huhakikisha friji haizidi nyuzi 5 za Selsiasi. Akibeba sufuria ya moto hupaza sauti: “Pisha, moto!” Akiagizwa huitikia, asipoelewa huuliza. Kazi ikiisha, meza yake inang’aa. Anayedumu hivyo hukabidhiwa jiko bila kujipendekeza. Hongereni, wasaidizi, nusu ya sifa za mpishi mkuu ni yenu.