Jedwali la Zama za Dunia na Mawe ya Mpanda

Wasomaji wetu walio walimu walijua sana lile jedwali la zama za dunia, lichorwalo ubaoni mfano wa nyumba ya ghorofa: juu Senozoiki, zama za wanyama wanyonyeshao, katikati Mesozoiki, zama za mijusi wakubwa wa kale, chini Paleozoiki, zama za samaki na misitu iliyogeuka makaa ya mawe. Na chini ya yote, mstari mmoja mwembamba: "Kabla ya Kambri". Hatusemi kwamba jedwali hili ni la uongo. Mpango wake ni sahihi. Neno letu ni juu ya vipimo vyake, na juu ya watoto wa Mpanda wanaolikariri.

Na tuhesabu. Dunia yakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 4,540; Kambri ilianza yapata miaka milioni 539 iliyopita. Basi mstari ule mwembamba wachukua karibu sehemu tisa katika kumi za umri wote. Tukiufananisha umri huo na siku moja ianzayo usiku wa manane, Kambri yaingia saa tatu za usiku zikiwa zimepita, watu wamekwisha kula.

Sababu yajulikana. Wataalamu wa kwanza waligawanya zama kwa mabaki ya viumbe yaliyomo mawe, na katika mawe ya kale zaidi hawakuyaona. Tena kila mtu huyaita mawe kwa jina la mahali alipoyakuta. Adam Sedgwick aliitoa Kambri katika jina la kale la Wales, mwaka 1835. Devoni ni ya Devon, Uingereza. Permi ni ya Perm, Urusi. Hatuwalaumu. Tunamlaumu mwalimu asimamaye Mpanda akafundisha kana kwamba amesimama Devon.

Maana Mpanda imekaa juu ya mstari ule ule mwembamba. Miamba yake ya msingi ilifanyika hasa zama za Proterozoiki, kati ya miaka milioni 2,100 na 1,800 iliyopita, mapande ya nchi yalipogongana na kukunjana. Na katika ukanda huo yameonekana mawe yaliyokuwa sakafu ya bahari, yakasukumwa chini sana, kisha yakarudi juu. Wataalamu wa dunia nzima huuita ukanda huo kwa jina la Ubende, nchi ya Wabende. Mtoto wa Kibende hukariri Devon na Perm, wala hajaambiwa kwamba jina la nchi ya babu zake limo katika elimu ile ile!

Wala habari hii si ya kale tu. Ardhi ilipoanza kupasuka tena, ufa mpya ulifuata kovu la zamani: ndiyo maana Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, na bonde la Rukwa pamoja na mbuga ya Katavi, ambamo viboko husongamana matopeni wakati wa kiangazi, yote yameelekea upande mmoja na ukanda wa Ubende. Na madini ya risasi, ambayo kwa ajili yake reli ililetwa kutoka Kaliua hata Mpanda mwaka 1950, yalitoka katika miamba hiyo hiyo ya kale.

Tutaambiwa kwamba mtihani wauliza majina. Na ayafundishe, lakini kwanza awatoe watoto uani na kamba ya mita 45 na nusu, kila mita ikiwa miaka milioni 100. Fundo la Ubende lifungwe mita 20 hivi kabla ya mwisho. Kambri, mita 5 na sentimeta 39. Yule mnyama wa jamii ya sokwe ambaye taya lake lilipatikana bonde la Rukwa, likatangazwa mwaka 2013, sentimeta 25. Kwa mwanadamu zitabaki milimita 3.