Kisu cha Kukunja: Namna ya Kukijua Kizuri

Kisu cha kukunja hupimwa kwanza kwenye kiungo. Makali yaliyofifia hurudishwa kwa jiwe, lakini kiungo kilicholegea kwa ubovu wa utengenezaji hakirudi, na siku moja kitakata vidole vya mwenye kisu. Wanunuzi wengi hutazama kinyume: huvutwa na mng'aro wa bapa na rangi ya mpini, wakasahau palipokutana viwili hivyo.

Kazi zinazokingoja sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, si za msituni. Ni kukata mikanda ya plastiki ya marobota ya mitumba, kupasua selotepu za maboksi, kukata kamba za katani, kufungua viroba, kuchubua waya na kumenya chungwa mchana. Bapa la sentimita 7 hadi 9 linazitosha zote.

Ili kupima kiungo, kisu hufunguliwa, mpini ukashikwa kwa mkono mmoja na bapa likabanwa kwa vidole vya mkono mwingine, kisha likasukumwa kushoto na kulia. Lisicheze. Likikunjwa, liingie katikati ya mpini bila kukwaruza upande wowote. Kiungo cha skrubu hukazwa nyumbani kikilegea. Cha ribiti huhitaji nyundo na mkono wa fundi.

Baada ya kiungo huja loki. Kisu kinachoshikiliwa na springi tupu kinafaa kwa chungwa, si kwa kuchoma robota, kwa kuwa ncha ikikwama bapa hujikunja kurudi mkononi. Loki hujaribiwa kwa kugonga mgongo wa bapa taratibu kwenye ubao, mara mbili tatu, vidole vikiwa nje ya njia ya makali. Ikiachia hata mara moja, kisu kirudi mezani kwa muuzaji, hata bei ikishuka.

Loki mbili za zamani bado ni za kuigwa. Kisu cha Opinel cha Ufaransa hufungwa kwa pete inayozungushwa shingoni, iliyobuniwa mwaka 1955. Okapi ina historia iliyo karibu zaidi na Mtaa wa Msimbazi wa Kariakoo: ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani barani Afrika, wakati Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya koloni mojawapo. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo, na tangu 1988 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini. Ile yenye pete mgongoni hutoa mlio wa meno inapofunguliwa, wala haikunjiki mpaka pete ivutwe. Ni ufundi mwepesi, wa bei nafuu, na wa kuheshimiwa.

Kuhusu chuma, sumaku huwapoteza wengi. Huaminika kwamba chuma kisichoshika kutu hakinaswi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa vijiko na sufuria nyingi, lakini chuma cha aina hiyo hakikomazwi kwa moto, kwa hiyo hakishiki makali. Feleji ya kisu, hata isiyoshika kutu, kwa kawaida hunaswa. Bapa linalokataa sumaku ndilo la kutiliwa shaka. Feleji ya kaboni hunoleka upesi na kuwa kali sana, ila hewa ya chumvi ya pwani na maji ya ndimu huitia madoa ndani ya siku moja. Asiyekuwa na tabia ya kufuta kisu chake achague isiyoshika kutu.

Makali huangaliwa kwenye mwanga: ukingo butu hung'aa kama uzi mweupe, mkali hauonekani. Mpini wa mbao hupendeza mkononi, lakini masika huuvimbisha na kukabanisha kiungo. Wa plastiki ngumu hauna tatizo hilo.

Kisu kipya kisipelekwe kwenye gurudumu kavu la kunolea. Cheche nyingi ni dalili ya joto, na makali yakigeuka buluu ugumu wake umekwisha toka. Jiwe lenye maji linatosha, bapa likiinuliwa kama nyuzi 20 kila upande. Kiungo hutiwa tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi huganda humo na kukusanya vumbi.