Chachu Yenye Jina la Kwetu

Mpika pombe wa Ilongero, mkoani Singida, kazi yake kubwa ni kungoja. Mtama hulowekwa, hufunikwa mpaka uote, huanikwa juani, kisha husagwa ukawa kimea. Uji ukishapikwa haufanyiwi haraka: kimea kikitiwa ungali moto sana, chachu hufa. Basi mama huweka kiganja ubavuni mwa chungu, hukiondoa, hungoja tena. Ujuzi wote umo katika kiganja hicho.

Heshima ninayompa yeye ndiyo ninayompa mwanabiolojia Paul Nurse, na kinachowaunganisha ni pombe yenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliieleza chachu iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Neno letu lingali humo. Seli ya chachu hii ni kama kifimbo: hurefuka, hujenga ukuta katikati, hukatika vipande viwili vilivyo sawa.

Inajuaje kwamba saa imefika? Miaka ya 1970, huko Edinburgh, Nurse alikaa kwenye hadubini akitafuta seli zinazogawanyika kabla ya kukua, vijifimbo vifupi kuliko wenzao. Alikusanya kama 50, moja baada ya nyingine, kwa jicho. Karibu zote hitilafu yao ilikuwa kwenye jeni moja, wee1; Waskoti husema wee kwa maana ya kitu kidogo. Jeni hiyo ni breki.

Lakini sahani moja ya kuoteshea chachu ilivamiwa na ukungu, akaitupa. Akaenda nyumbani, akala, moyo ukamsuta, akarudi kuiokota katika taka. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Seli za sahani ile hazikuwa na hitilafu ya breki. Hitilafu yao ilikuwa kwenye cdc2, jeni inayoamuru mgawanyiko wenyewe.

Mwaka 1987, Nurse na Melanie Lee walichukua chachu ambazo cdc2 yao imeharibika, wakazitia jeni za binadamu. Mojawapo ilishika kazi, chachu ikagawanyika tena. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2001, Nurse akaipata pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Nikimwona mama yule akipima joto la chungu, naitazama ngozi ya kiganja chake, inayojifanya upya kila siku, seli moja ikawa mbili, kwa amri ya jeni ile ile.