Uhakiki wa Ufundishaji wa Ugeuzaji wa Grafu za Kwadratiki katika Sekondari za Pembezoni mwa Dar es Salaam

Grafu ya y = a(x − h)² + k mara nyingi hufundishwa kwa kanuni tatu za kukariri: a huonesha upana wa mchirizo na upande unakofungukia, h huusogeza kulia au kushoto, na k huusogeza juu au chini. Makala hii inahakiki mkabala huo kwa kuzingatia mazingira ya shule za kata katika maeneo kama Mbagala na Tandika (Temeke), na Tandale na Bunju (Kinondoni). Hoja kuu ni kwamba kanuni zinazotolewa bila asili yake humwachia mwanafunzi jibu asiloweza kulitetea.

Udhaifu wa kwanza umo katika alama ya kutoa. Mwanafunzi huambiwa kuwa y = (x − 3)² + 2 imesogea vizio 3 kulia na 2 juu. Huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini kutoa kupeleke kulia ilhali kujumlisha kunapeleka juu. Mkabala wa kukariri hauna jibu. Jibu lilikuwamo katika muhtasari wa mwaka 2005 wenyewe: uhamishaji wa nukta ulifundishwa Kidato cha Pili, na vitendakazi Kidato cha Tatu. Nukta (x, y) ikihamishwa kwa 3 na 2, nukta mpya huwa na X = x + 3 na Y = y + 2. Kwa hiyo x = X − 3 na y = Y − 2. Zikiwekwa katika y = x², hupatikana Y − 2 = (X − 3)². Kutoa kumo pande zote mbili; kwa upande wa y kumefichwa tu na uhamishaji wa 2. Mada mbili zilizotenganishwa hivyo zinahitaji daraja hili.

Udhaifu wa pili ni wa istilahi. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili analijua neno kipeo kama kipeo cha pili cha namba, na mtaani analijua kama kilele. Neno hilohilo likitumika kwa nukta ambapo parabola hugeukia, a ikiwa chanya, “kilele” kinakuwa nukta ya chini kuliko zote. Anapoingia sekondari, somo linatolewa kwa Kiingereza, na utata huo hausemwi wala hautatuliwi. Nukta ya kugeukia ni jina lililo wazi zaidi.

Udhaifu wa tatu ni kunyamazia mpangilio wa hatua. Ili kupata y = −2(x − 3)² + 2, grafu ya y = x² hunyooshwa mara 2 kiwima, huakisiwa katika mhimili wa x, ndipo huhamishwa. Anayehamisha kwanza, kisha akazidisha kila thamani ya y kwa −2, huishia kwenye y = −2(x − 3)² − 4. Kanuni tatu zilizokaririwa kama orodha hazimwonyi.

Inaweza kudaiwa kuwa madarasa yamejaa, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, na kwamba kukariri kunaokoa muda. Dai hili lina uzito, lakini daraja linalopendekezwa halihitaji vifaa. Jedwali moja ubaoni linatosha: kwa y = x² − 6x + 11, x ikitoka 0 hadi 6, y huwa 11, 6, 3, 2, 3, 6, 11. Kila thamani ikipunguzwa 2, hubaki 9, 4, 1, 0, 1, 4, 9, yaani thamani za x² kuanzia −3 hadi 3. Mwanafunzi huona kwa macho kile ambacho kukamilisha mraba huthibitisha kwa aljebra: x² − 6x + 11 = (x − 3)² + 2.

Kwa hiyo, kanuni zibaki, lakini zije mwishoni kama muhtasari wa kilichokwisha kueleweka. Zikitangulia, mwanafunzi wa Mbagala hupata alama ya swali alilolizoea na kukwama kwenye swali linalofuata.